Rubani anapotafuta kazi ardhini: mshahara, saa za kuruka na usingizi

Mwaka 2020, Uviko ulipozisimamisha ndege, picha moja ilizunguka dunia nzima. Mwanamume wa Malaysia, kofia nyeusi ya kapteni kichwani, shati jeupe la urubani, aproni nyekundu kiunoni, anahudumia wateja wa tambi kwenye kibanda chake karibu na Kuala Lumpur. Shirika lake lilikuwa limempunguza kazi. Picha hiyo ilifika hadi kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na mpaka leo hurudi mara kwa mara. Kila ikirudi, maneno yanayoandikwa chini yake ni yaleyale: kuna wanaomwonea huruma, kuna wanaomsifu, na kuna wanaouliza zile pesa zote za urubani alizipeleka wapi.

Mara ya mwisho ilitumwa kwenye kundi la ukoo wetu. Shangazi mmoja akaandika, "Rubani mzima auze tambi? Basi huyo hakuwa rubani wa kweli." Mpwa wangu yumo kwenye kundi hilo. Ni rubani, ana leseni, anarusha ndege ndogo aina ya Caravan kati ya Dar es Salaam, Zanzibar na viwanja vya vumbi vya mbugani. Na ana kuku wa mayai mia nne Kigamboni. Hakujibu kitu. Jioni akanipigia: "Mjomba, nikitaka kumweleza shangazi, naanzia wapi?"

Nimeona nianze mimi, kwa sababu suala hili lina mafundo mengi na watu wengi wanalivuta kwa nguvu upande mmoja tu.

Neno moja, watu wengi

Fundo la kwanza ni neno lenyewe. "Rubani" ni kama "dereva". Dereva wa Scania inayokwenda Lubumbashi ni dereva, kijana wa Bajaji naye ni dereva, lakini hakuna anayedhani wanalipwa sawa. Kwa rubani tunasahau, tunamwona kila mmoja kama yule anayerusha ndege ya abiria mia tatu kwenda Guangzhou.

Leseni zenyewe ziko kwa ngazi, na viwango vya chini vimewekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Ya kwanza ni leseni binafsi, inayohitaji angalau saa 40 za kuruka. Ukiwa nayo unaruhusiwa kurusha ndege, ila huruhusiwi kulipwa kwa kufanya hivyo. Ya pili ni leseni ya biashara, saa 200, au 150 kama umesoma mfululizo kwenye kozi iliyoidhinishwa. Hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa mshahara. Ya tatu ni leseni ya juu ya usafirishaji, saa 1,500, na bila hiyo huwi kapteni wa ndege kubwa ya abiria.

Tazama hiyo namba 200. Ni sawa na wiki tano za mtu anayekaa ofisini saa nane kwa siku. Kijana anamaliza chuo, familia imeuza kiwanja au imekopa, amesoma Soroti kule Uganda, Nairobi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Afrika Kusini au Marekani, gharama zimefika makumi ya maelfu ya dola, na anarudi na daftari lenye saa 200. Kisha anafungua matangazo ya kazi: wanataka saa 500, wanataka 1,000. Atazipata wapi saa hizo kama hakuna anayemwajiri? Hapo ndipo marubani wengi hukwama miaka miwili, mitatu. Wengine hukubali malipo madogo mno ili tu wapate saa. Ulaya kumewahi kuwa na mipango ambayo rubani kijana ndiye anayelipa ili akae kwenye kiti cha rubani msaidizi, na abiria nyuma wamelipa nauli kamili. Nikimsimulia mtu jambo hili haamini mpaka arudie kuuliza mara ya pili.

Juu ya leseni kuna kibali cha aina ya ndege. Ukiwa na leseni ya gari dogo unaweza kuhama kutoka Corolla kwenda Noah bila kurudi darasani. Kwa ndege za abiria si hivyo. Rubani wa ATR hawezi kesho yake kukaa kwenye Airbus, lazima asome na ajaribiwe upya kwenye simuleta, ile mashine ya ardhini inayoiga ndege. Mafunzo hayo ni ghali, na kampuni ikiyalipia humfunga rubani kwa mkataba wa miaka kadhaa, wenyewe huuita bondi. Akiondoka mapema analipa deni. Kwa hiyo ule ushauri rahisi wa "si ahamie shirika linalolipa vizuri" haumsaidii sana mtu aliyefungwa.

Vyungu viwili

Sasa mshahara. Kwa marubani wengi wa ndege ndogo, malipo hutoka kwenye vyungu viwili. Chungu cha kwanza ni mshahara wa msingi, unaingia kila mwezi, na mara nyingi si mkubwa. Chungu cha pili ni malipo ya saa anazoruka pamoja na posho za safari. Chungu hiki cha pili ndicho kinachojaza friji.

Ndege za watalii zina msimu. Kuanzia Julai mpaka Oktoba, na tena kuanzia Desemba mpaka Februari, Caravan hazipumziki. Masika yakifika, Machi mpaka Mei, kambi kadhaa za mbugani hufungwa, viwanja vya udongo hulowana, na ndege hukaa chini. Chungu cha pili kinakauka. Kodi ya nyumba haikauki, ada ya shule haikauki, na mkopo wa chuo ndio kabisa. Mkulima anaijua hali hii vizuri kuliko mtu wa mshahara wa serikali: si kwamba huna kitu mwaka mzima, ni kwamba kile ulichonacho hakiji kwa mpangilio wa mahitaji yako.

Hapa watu hunikatiza wakiniuliza mbona marubani hufanya kazi saa chache. Ni kweli kwamba saa za kuruka zina kikomo. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, haziruhusu rubani azidishe saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, na za Marekani hazimruhusu azidishe 1,000 kwa mwaka. Nchi zetu nazo zina vikomo vyake. Mtu akisikia saa 100 kwa mwezi anasema, "Huyu anafanya kazi nusu siku!"

Lakini saa ya kuruka huanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusogea ili iruke, na hukoma inaposimama mwisho wa safari. Mengine yote hayamo. Mpwa wangu huamka saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na mbili yuko uwanjani anazunguka ndege, anapima mafuta, anasoma hali ya hewa, anapanga mizigo. Dar mpaka Zanzibar ni kama dakika 20 hewani. Anashusha, anapakia, anasubiri abiria aliyechelewa boti, anaruka tena. Jua likizama amekuwa kazini saa kumi na mbili, na daftari lake limeongezeka saa nne. Akilipwa kwa saa za kuruka, analipwa kwa hizo nne.

"Mbona wa Kenya wanagoma na mshahara wao mnono?"

Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma siku kadhaa. Mojawapo ya madai yao makubwa ilikuwa michango ya mfuko wao wa akiba ya uzeeni, iliyokuwa imesimamishwa. Wakati ule mitandaoni zilitajwa namba za mishahara ya makapteni wa ndege kubwa, na watu wakakasirika, jambo ambalo ninalielewa. Tatizo ni kwamba namba hizo zilibaki vichwani mwa watu kama mshahara wa "rubani", yeyote yule. Kapteni wa Dreamliner mwenye miaka ishirini kazini na msaidizi mwenye saa 400 kwenye ndege ya injini moja pale Wilson wanaitwa jina moja, basi.

Tena hata yule wa ngazi ya kati hana uhakika wa kesho. Kwenye ukanda wetu tumeona mashirika yakizima: Jetlink ya Kenya mwaka 2012, Air Uganda mwaka 2014, Fastjet Tanzania mwishoni mwa 2018. Shirika likizima, marubani wake wote huingia sokoni wiki moja, wote na kibali cha ndege ileile ambayo hakuna mwingine hapo mjini anayeitumia. Fundi gari akifukuzwa gereji hii anahamia ya jirani. Rubani jirani yake anaweza kuwa Addis Ababa au Doha.

Mambo mawili ya mwaka 2009

Anayedhani kazi ya pili ni aibu ya nchi maskini na atazame Marekani mwanzoni mwa 2009. Ndani ya wiki nne yalitokea mambo mawili, na mimi siwezi kuzungumzia suala hili bila kuyaweka pamoja.

Tarehe 15 Januari, Airbus A320 ya US Airways iligonga ndege-mwitu ilipotoka tu New York, injini zote mbili zikapoteza nguvu, na marubani wakaitua juu ya mto Hudson. Watu wote 155 walipona. Kapteni Chesley Sullenberger na msaidizi wake Jeffrey Skiles wakawa mashujaa wa dunia. Mwezi uliofuata waliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Sullenberger aliwaeleza wabunge kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40 na pensheni yake imefutwa, na alikuwa ameanzisha biashara ya ushauri pembeni ili mambo yaende. Skiles alikuwa mkandarasi wa ujenzi wa nyumba. Alisema anafanya kazi siku saba kwa wiki kati ya kazi zake mbili. Wale mashujaa wawili, shangazi, kila mmoja alikuwa na kazi ya pembeni.

Tarehe 12 Februari, ndege aina ya Dash 8 Q400, ndugu wa zile zinazotua Dodoma na Kigoma, ilianguka karibu na Buffalo usiku. Walikufa watu 50, mmoja akiwa ndani ya nyumba yake. Uchunguzi ulionyesha kwamba kapteni alifanya kinyume cha inavyotakiwa ndege ilipomwonya kwamba inapoteza mwendo. Lakini vikao vya uchunguzi vilifunua pia maisha ya rubani msaidizi. Alikuwa na umri wa miaka 24, mshahara wake wa mwaka ulitajwa kuwa kama dola 16,000, kampuni ikisema ni karibu 24,000. Alikuwa akiishi na wazazi wake upande wa Seattle, akaruka usiku kucha kama abiria kuvuka nchi nzima ili aanze zamu Newark. Aliwahi pia kufanya kazi ya pili kwenye mgahawa wa kahawa. Wachunguzi walisema uchovu huenda uliwapunguzia marubani hao uwezo, ila kiasi gani hakikuweza kupimika.

Sisemi mgahawa uliangusha ndege, na wachunguzi hawakusema hivyo. Ninachokiona ni hiki: Skiles alikuwa na kazi ya pili na bado akawa tayari siku ile, kwa hiyo kazi ya pili peke yake si hatari. Hatari ni usingizi unaoliwa na umaskini, uwe umeliwa na kazi ya pili, na safari ya mbali ya kwenda kazini kwa sababu kodi ya mjini haishikiki, au na kulala kwenye kochi la chumba cha wafanyakazi. Maneno ya "rubani anauza tambi" yanaficha jambo hilo kabisa.

Baada ya Buffalo, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria huko akatakiwa kwa kawaida kuwa na saa 1,500. Marubani wakaadimika, na kufikia 2022 mashirika madogo yalikuwa yakiwalipa wasaidizi wapya mara kadhaa ya walivyolipwa 2009. Kazi ni ileile, hatari ni ileile. Kilichobadilika ni uhaba. Mshahara wa rubani haupimwi kwa uzito wa jukumu lake, na ndiyo maana kumwambia "una kazi ya heshima, vumilia" ni kumpa maneno matupu.

Sheria inahesabu nini

Wengi huamini sheria inamkataza rubani kufanya kazi nyingine. Kwa ujumla haimkatazi. Kinachoweza kumkataza ni mkataba wake na mwajiri, na mikataba mingi hudai atoe taarifa au aombe ruhusa kwanza. Asome mkataba kabla ya kununua hata kuku mmoja, na ruhusa aichukue kwa maandishi.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya kazi mbili za pembeni. Kama ni kurusha ndege ya mtu mwingine kwa malipo, saa hizo huongezwa kwenye hesabu yake ya vikomo, na kuzificha ni kosa linaloweza kumgharimu leseni. Kama ni kuuza vifaa vya ujenzi Mbagala, hakuna anayezihesabu. Kisheria ametoka mapumzikoni. Mwili wake hauna habari na sheria: umesimama kaunta mpaka saa nne usiku, umepiga mahesabu, umelala saa sita usiku, na saa kumi na nusu alfajiri kengele inalia.

Watafiti wawili wa Australia walichapisha mwaka 1997 kipimo ambacho hutajwa mpaka leo. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake hushuka kufikia ule wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Saa 17 si ajabu. Ni mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri akafunga duka saa nne usiku.

Kanuni zinamtaka rubani asiruke akijua amechoka kiasi cha kuhatarisha safari. Mwenye kulijua hilo ni yeye peke yake. Hakuna kipimo cha uchovu cha kupuliziwa getini kama cha pombe. Na siku ambayo chungu cha pili kimekauka, kusema "leo siruki, nimechoka" ni kujikata mshahara kwa mdomo wako mwenyewe. Hapo ndipo ninapoogopa, kama mjomba na kama abiria.

Kazi gani, basi?

Rubani anayetaka kubaki angani huku akiongeza kipato ana vitu vitatu vya kulinda. Usingizi nimeshausema. Cha pili ni cheti cha afya. Rubani wa biashara hupimwa kila mwaka. Akizidi miaka 40 na anabeba abiria akiwa rubani peke yake ndani ya ndege, kila miezi sita. Kazi ya pembeni itakayomuumiza mgongo, itakayomharibu masikio au kumpandisha presha inamnyang'anya kazi zote mbili. Bodaboda ya usiku, mashine za kukoboa bila vizibo vya masikio, kubeba magunia: hizo pesa ni ghali.

Cha tatu ni wepesi wa mikono. Rubani wa ndege za abiria lazima awe ameruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, la sivyo arudi kwa mwalimu au kwenye simuleta kwanza. Hapa kuna uvumi mwingine, kwamba ukikaa mwaka nje ya anga leseni imekufa. Haifi. Inalala. Kuiamsha kunahitaji mitihani, cheti kipya cha afya na pesa, na kadiri inavyolala ndivyo kuiamsha kunavyopanda bei. Wako waliokaa miaka mitatu wakarudi. Wako waliokosa hiyo pesa ya kuamshia.

Kisha kuna rosta. Ratiba ya rubani hubadilika, leo yupo, kesho amepigiwa simu mwenzake ameugua. Kwa hiyo kazi ya pembeni inayomfaa ni ile inayoweza kusubiri mpaka keshokutwa bila kuharibika. Teksi ya mtandaoni inaweza kuonekana inafaa kwa sababu unaiwasha na kuizima utakavyo, lakini pesa yake nzuri iko usiku, na usiku ndio unaoulinda. Kilimo cha simu, yaani shamba liko Kilosa na wewe unalilima kwa kumpigia kijana, kimewamaliza watu wenye kazi za kawaida, sembuse mtu ambaye simu yake imezimwa nusu ya siku. Kufundisha hisabati na fizikia jioni mbili kwa wiki kunasubiri. Kutafsiri na kuandika ripoti kunasubiri. Nyumba ya kupangisha inasubiri, kama unayo pesa ya kuijenga, na wengi hawana.

Wanaoacha kabisa wana hesabu nyingine. Wengine huacha kwa mshahara, wengine kwa sababu daktari amekataa kusaini, wengine kwa umri, maana safari za kimataifa za biashara zinamtaka asizidi miaka 65 akiwa na mwenzake, na 60 akiwa peke yake. Hawa ndio wanaosikia ile sentensi mbaya kuliko zote: "Zaidi ya ndege unajua nini?"

Wanajua mengi, ila huyasema kwa lugha ambayo mwajiri haielewi. Mwenye kiwanda hajui "saa 1,800 kwenye Caravan" maana yake nini. Lakini mwambie hivi: kwa miaka minne, kila asubuhi, nimeamua kama safari iondoke au isiondoke kwa kuangalia hali ya hewa, uzito, mafuta na afya ya mashine, nimeandika kumbukumbu ya kila safari, na sijawahi kubeba kilo moja ambayo sikuipima. Hapo anakuona. Safari za mbugani huwa na kikomo cha begi laini la kilo 15 kwa abiria. Mtu aliyezoea kumweleza mtalii mwenye kilo 28, saa kumi na mbili asubuhi, kwamba kilo 13 zitabaki, na mtalii akaondoka akitabasamu, huyo anaweza kuongoza idara ya wateja popote.

Usalama kazini kwenye migodi, bandari na gesi ni nyumba ya jirani kwa rubani, kwa sababu wote wanafuata utaratibu uleule wa kuandika kosa dogo kabla halijawa kubwa. Usimamizi wa maghala na malori hali kadhalika. Reli yetu mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro katikati ya 2024, inaendeshwa kwa ishara, vibali vya mwendo na orodha za ukaguzi. Rubani atalazimika kusoma upya, lakini hatashangaa. Hospitali nazo zimejifunza kutoka angani. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, ile ambayo kabla ya kisu watu wote chumbani wanasema mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi, imetokana na desturi ya marubani ya kusomeana orodha kwa sauti. Mtu aliyeishi ndani ya desturi hiyo anaweza kuifundisha.

Nisiseme uongo, mshahara wa kuanzia huko mara nyingi ni mdogo, na mtu wa miaka 45 atajikuta chini ya bosi wa miaka 30. Mwaka 2020 Uingereza kulikuwa na marubani waliopeleka vyakula vya supamaketi milangoni mwa watu kwa gari dogo. Walipata kipato, na baadhi yao walirudi angani. Yule wa tambi naye aliitumia kofia yake ya ukapteni kuvuta wateja badala ya kuificha kabatini. Hilo ndilo lililomshinda shangazi kuelewa, na nadhani limewashinda marubani wetu wengi pia. Mpwa wangu alifuga kuku miezi minane kabla ya kumwambia hata mama yake. Alihofu ataambiwa, "Tuliuza kiwanja cha Mbezi ili ukafuge kuku?"

Nilikwenda kuliona banda lake Jumapili moja. Analizunguka kila afikapo, na hulizunguka upande uleule, kuanzia mlangoni kwenda kushoto, mkono ukigusa waya, vyombo vya maji, vilishio, matandiko, mapazia, kama anavyoizunguka Caravan kabla ya kuruka. Mlangoni kuna daftari limefungwa kwa kamba. Kijana wake wa kazi anaandika humo maji waliyokunywa, chakula walichokula, mayai, waliokufa. Mwaka jana lita za maji zilishuka ghafla siku moja, kuku bado wanaonekana wazima. Daftari ndilo lililomfanya amwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Alipoteza kuku sita. Jirani yake, ambaye hakuandika chochote, alipoteza karibu banda zima wiki iliyofuata.

Nilipokuwa hapo simu yake ililia. Ilikuwa kama saa mbili usiku, mteja wa Mbagala, ana sherehe, anataka trei arobaini zimfikie kabla ya swala ya alfajiri na ataongeza bei. Mpwa wangu akatazama rosta kwenye simu. Alikuwa na zamu ya asubuhi, Zanzibar mara nne.

"Samahani sana kaka, kesho siwezi," akamwambia. "Keshokutwa mchana nakuletea mwenyewe." Mteja akasema atatafuta kwingine. Mpwa wangu akafunga daftari, akamwambia kijana azime taa, na saa tatu alikuwa amelala.